Kiti cha Barazani: Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kusimamia Nyumba ya Makumbusho

Nilikabidhiwa nyumba hiyo Jumatatu moja katikati ya Januari. Pamoja nayo nilipewa funguo 31 zilizofungwa kwa kamba ya katani, madaftari mawili yaliyoliwa na mende pembeni, na hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja iliyosema kwamba nimepokea "nyumba na vyote vilivyomo". Niliitia sahihi nikiwa nimesimama barazani, bila kuhesabu hata kijiko kimoja. Msimamizi aliyenitangulia alikuwa ameondoka miezi mitano kabla, na mjumbe wa wadhamini aliyenikabidhi alikuwa na haraka ya kuwahi mkutano mwingine mjini. Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayejikuta mahali kama pale akiwa na kalamu mkononi, kwa sababu karibu kila kosa nililofanya mwaka ule lilianzia kwenye sahihi hiyo.

Sitaitaja nyumba kwa jina, maana wengi waliohusika bado wapo na wanaendelea na kazi zao. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa miaka ya 1920 katika mmoja wa mitaa ya zamani ya Nairobi, yenye paa la vigae vyekundu, sakafu ya mbao, baraza pana mbele, jiko lililojitenga nyuma, na safu ya vyumba vidogo vya wafanyakazi mwisho wa ua. Wengi wanaposikia habari za nyumba ya makumbusho jijini humu hufikiria ile ya Karen Blixen, iliyojengwa 1912, ambayo mwandishi huyo aliishi kuanzia 1917 hadi 1931, na ambayo ilifunguliwa kwa umma 1986. Yetu ni ndogo kuliko hiyo, haina mtu mashuhuri wa kuvutia watalii, na wageni wake wakubwa ni wanafunzi wa shule za msingi wanaoletwa kwa basi wakiwa na chakula chao kwenye mikebe.

Nilikuwa na shahada ya historia na uzoefu wa miaka sita wa kuandaa maonyesho, na nilidhani hayo yanatosha. Wadhamini walitaka nyumba ipendeze kabla ya muhula wa pili wa shule, kwa hiyo nilijipa miezi mitatu ya kuisafisha, kuipanga upya na kuandika maelezo mapya ya kubandika. Kazi ya maonyesho huanza na ukuta mtupu, na wewe ndiye unayeamua kitakachowekwa hapo. Nyumba iliyokaliwa na watu haiko hivyo, kwa kuwa kila kitu kina mahali pake na sababu ya kuwa pale, hata kama sababu hiyo haijaandikwa popote. Tofauti hiyo sikuifahamu mpaka nilipokuwa nimeshaharibu.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitunza nyumba hiyo kwa miaka 27. Alikuwa akifungua madirisha asubuhi, akipangusa vumbi, akifagia majani ya jakaranda, na kufunga milango jioni. Aliniita Madam, nami nikamwita Mzee kama kila mtu. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa heshima, nikamwuliza kuhusu maji na stima, kisha nikampa orodha ya vyumba vya kusafisha. Sikumwuliza chochote kuhusu nyumba yenyewe. Nilifanya kazi naye bega kwa bega kwa wiki kumi na moja, naye muda wote huo alikuwa na majibu ya maswali ambayo usiku nilikuwa nikiyatafuta kwenye madaftari yaliyoliwa.

Barazani palikuwa na kiti kikubwa cha mvule chenye mikono mipana. Maelezo ya zamani yaliyobandikwa ukutani yalisema ni kiti cha mwenye nyumba, alichokalia jioni akitazama bustani. Kilikuwa kimepauka, na mkono wake wa kulia ulikuwa na mikato midogo midogo iliyopangwa kama meno ya kitana. Nilidhani ni uharibifu wa watoto. Mwezi wa Machi nilimwita fundi kutoka miongoni mwa mafundi wa samani wa kando ya Barabara ya Ngong, akakipiga msasa, akaziba mikato ile kwa unga wa mbao na gundi, kisha akakipaka vanishi makoti matatu. Nilimlipa shilingi 9,500 nikaona nimepata nafuu. Mzee alisimama karibu na nguzo ya baraza akitazama, na fundi alipokuwa anaanza mkono wa kulia akaniambia, "Madam, hicho kiti kina wenyewe." Nilimjibu kwamba ndiyo, Mzee, na sasa wenyewe ni sisi. Hakusema tena. Kwa malezi yake, mtu mzima akishasema neno mara moja kwa mkubwa wake wa kazi na lisisikilizwe, hulinyamazia.

Mwezi wa Mei walikuja dada mmoja na kaka yake, watu wa makamo kutoka Vihiga, wamevaa nguo zao za kanisani, na dada alikuwa na bahasha ya kaki mkobani. Ndani yake mlikuwa na nakala ya barua ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa nyumba yetu, iliyosema kwamba kiti cha mvule kimeazimwa kutoka kwa babu yao, na kitarudishwa familia itakapokihitaji. Babu huyo alikuwa mpishi wa nyumba ile kwa miaka 31, mpaka wenye nyumba walipoondoka nchini 1963. Kiti kilikuwa chake. Alikitengenezewa na fundi mwenzake wa kijijini, na hakikukaa barazani hata siku moja, bali kilikaa jikoni. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila aliporudi kazini kutoka likizo yake ya mwaka, baada ya kuwaona mke na watoto, alikata alama moja kwenye mkono wa kiti.

Niliwapeleka barazani kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Dada alipitisha kidole juu ya mkono ule laini unaong'aa, akarudia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunazihesabu." Kaka yake alitazama bustani. Niliomba msamaha, nikaomba tena, na kila neno nililolisema lilikuwa jepesi kuliko kile nilichokifanya. Nakala yetu ya barua ile niliipata siku mbili baadaye ndani ya mojawapo ya maboksi ya karatasi ambayo mimi mwenyewe niliyatoa ofisini mwezi wa Februari na kuyarundika stoo, kwa kuwa niliona yanajaza nafasi.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo sikulala vizuri. Mwezi wa Juni niliandika barua ya kujiuzulu, na nikaiweka kwenye droo. Kilichonizuia kuipeleka ni kwamba nilijua mtu atakayenifuata naye angetia sahihi ukurasa ule ule mmoja.

Nikaanza upya, mara hii kwa kuhesabu. Iwapo unaingia kwenye kazi kama hii, nakusihi usisogeze wala kusafisha wala kukarabati chochote kabla ya kumaliza hesabu, isipokuwa kile kinachovuja, kinachoungua au kinacholiwa na mchwa mbele ya macho yako. Waambie waliokuajiri tangu siku ya mahojiano kwamba mwaka wa kwanza wageni wataona nyumba ile ile waliyoiona mwaka uliopita, na kama hawakubali, ni afadhali ujue mapema. Hati ya makabidhiano uitie sahihi ukiwa na orodha iliyoambatishwa, na ikiwa orodha haipo, andika kwa mkono wako juu ya sahihi kwamba umepokea kabla ya kuhakiki. Mstari huo mmoja ungenisaidia sana mbele ya wadhamini.

Hesabu ilituchukua miezi saba, mimi na wanafunzi wawili wa chuo waliokuja kwa mafunzo ya kazini. Madaftari yalitaja vitu 870, nasi tulikuta 1,143. Tulipitia chumba kimoja baada ya kingine kwa mwelekeo mmoja, kuanzia mlangoni tukizunguka upande wa kushoto, na kila kitu kilipigwa picha pamoja na rula na kikaratasi cha nambari, kikaandikiwa mahali kilipokutwa hasa, hali yake, na alama zozote zilizokuwa juu yake hata zilipoonekana ni uchafu. Kisha tukalinganisha na madaftari. Vilivyopo na vimeandikwa havikutusumbua. Vilivyoandikwa lakini havipo vilikuwa 46, na hivyo nilivitolea taarifa kwa wadhamini kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa maana ukikaa na habari ya upungufu mezani kwako hata mwezi mmoja, upungufu huo unakuwa wako. Vilivyopo bila kuandikwa ndivyo vilivyohitaji uvumilivu, maana humo ndimo tulimokuta vitu vingine vinne vya kuazima.

Nambari nazo zina adabu yake. Msimamizi mmoja wa zamani alibandika stika, nazo zikaacha gundi iliyokauka na kula rangi. Mwingine alitumia rangi ya kucha, ambayo hugeuka manjano na kubanduka na nambari yake. Karatasi huandikwa nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, na kitambaa hushonewa utepe wa pamba ulioandikwa nambari kwa mishono michache pembeni. Kwa mbao na chuma hupakwa kwanza vanishi ya wahifadhi inayoweza kuondolewa, nambari ikaandikwa juu yake, kisha ikafunikwa tena kwa tabaka jingine. Kanuni ni kwamba mtu wa miaka hamsini ijayo aweze kuifuta nambari yako bila kuacha alama.

Lakini kazi iliyobadilisha nyumba ile kuliko zote ilifanyika siku za Alhamisi jikoni, kwa chai. Nilimwendea Mzee, nikakiri kwamba aliponiambia kiti kina wenyewe sikumsikiliza, nikamwomba anifundishe nyumba. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nitakuwa na muda. Tukakubaliana Alhamisi mchana, wakati ambao hakuna shule zinazokuja. Nilimweleza kwamba nitamrekodi kwa simu, sauti itahifadhiwa wapi na nani ataisikia, naye akatia sahihi ridhaa yake baada ya kusomewa yote, kama inavyotakiwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Niliwaomba pia wadhamini wamlipe kwa saa hizo kama mshauri, tofauti na mshahara wake wa usafi, kwa sababu maarifa yale hayakuwa sehemu ya kufagia. Ilichukua miezi miwili na barua tatu, lakini walikubali.

Njia nzuri, nilivyokuja kugundua, si kukaa na orodha ya maswali. Tulitembea naye chumba kwa chumba nikimwacha aguse, na mikono yake ikawa inakumbuka kabla ya maneno. Alipofika chini ya dirisha la mashariki alisema maji huingia hapo mvua za masika zikija na upepo, akanionyesha bati dogo alilolipachika kuyageuza. Alipanda ngazi akashusha kigae kimoja cha akiba na kukigeuza, na chini yake pakaonekana muhuri wa kiwanda cha Mangalore. Vigae hivyo vilianza kufyatuliwa na wamisionari wa Basel pwani ya India miaka ya 1860, vikaletwa huku kwa meli, na muhuri wake ni ushahidi bora wa umri wa paa kuliko hadithi yoyote ya familia. Mimi nilikuwa nimeagiza vigae vilivyopasuka vitupwe. Tangu siku hiyo hata kipande chenye herufi mbili hupewa nambari.

Alhamisi nyingine alifungua droo nilimoweka vitu nilivyoviandika kuwa "mikebe ya tumbaku", akachukua kimoja chembamba cha bati chenye kitanzi juu, akakishika mbele ya kifua chake. Ilikuwa kasha la kipande. Sheria ya usajili ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 kubeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, nayo ikaning'inizwa shingoni ndani ya kasha kama lile. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Nilikuwa nimefundisha historia hiyo kwa picha, na chombo chenyewe nilikishika mkononi mwezi wa Februari nikakiandika tumbaku. Nimekaa na aibu hiyo, na nimeiandika kwenye kumbukumbu za kitu hicho pia, tarehe ya kosa na jina la aliyelisahihisha, ili atakayesoma ajue kwamba maelezo yetu yametoka kwa nani.

Kuhusu jengo lenyewe nitasema jambo moja tu, kwa kuwa liligharimu pesa nyingi. Wakati wa masika plasta ya chumba cha kulia ilianza kutoa unyevu na chumvi nyeupe, na mkandarasi akanishauri ukuta upigwe saruji. Nililipa shilingi 64,000. Kufikia Julai, baridi na ukungu vilipotanda, unyevu ulikuwa umepanda juu zaidi na mawe yameanza kumeng'enyuka, kwa sababu mawe yale ya Nairobi hunywa maji na kuyatoa taratibu kupitia chokaa, na saruji inayafungia ndani. Fundi mwashi kutoka Mombasa, aliyezoea nyumba za Mji wa Kale, aliibandua yote na kuirudishia chokaa kwa shilingi 178,000, tena baada ya kurekebisha mfereji wa paa ambao ndio uliokuwa chanzo. Kabla ya kugusa ukuta fuata maji yanakotoka, na kama jengo limetangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa limehifadhiwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, omba kibali kwanza hata kwa plasta.

Wadudu na mwanga havikunisumbua hivyo. Zulia lenye nondo tulilifunga kwenye plastiki bila kuacha upenyo, likakaa wiki mbili ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha likaachwa siku nzima lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Mapazia tuliyafunga upande wa jua, maana vitambaa na karatasi havipaswi kupata mwanga wa zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ingawa wageni wanalalamika kwamba chumba kina giza. Ninawaeleza sababu, na wengi wanaelewa.

Mwishoni mwa mwaka wazo lilitolewa kwenye kikao kwamba ua wa nyuma, ulio na jiko na vyumba vya wafanyakazi, ukodishwe kwa ujenzi. Sikushangaa, kwa bei za ardhi za mtaa ule. Niliwakumbusha nyumba ya Muthaiga ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, ambaye aliiuzia serikali pamoja na sehemu ya mkusanyiko wake akitumaini itakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Nyumba ilibomolewa. Tunaweza leo kuona vitu vyake katika Nairobi Gallery, kwenye jengo la 1913, lakini hatuwezi kuingia katika vyumba alimovipanga. Kisha nikawasomea ukurasa mmoja wa maneno ya Mzee kuhusu jiko, nikawaonyesha orodha ya vitu 212 vilivyotoka ua ule ule, vikiwa na nambari na picha. Hoja iliahirishwa, na mwezi uliofuata ikaondolewa. Bila ile miezi saba ya kuhesabu ningekwenda kwenye kikao kile na hisia tu.

Na kiti. Mhifadhi wa mbao tuliyempata aliondoa vanishi na kutoa unga wa mbao kwenye mikato kwa muda wa wiki tano, kwa shilingi 52,000, ambazo nilichangia nusu kutoka mfukoni mwangu kwa hiari yangu. Alama 19 kati ya 31 zilionekana tena. Nyingine zilikuwa zimesagwa na msasa. Nilisafiri hadi Vihiga kuwaeleza familia matokeo hayo ana kwa ana, nikiwa na hati ya kuwarudishia kiti chao. Walizungumza wao kwa wao kwa Kiluhya muda mrefu, nami nikanyweshwa chai. Kisha dada akasema, "Binti, kikae miaka mitatu mingine, lakini kikae kilipokuwa kinakaa." Aliongeza sharti kwamba maelezo yataje jina la babu yao na kueleza kilichotokea kwa mkono wa kulia. Tuliandika mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nakala tatu, na moja iko kwao.

Tulikihamisha siku ya Alhamisi. Mzee alishika upande mmoja, mwanafunzi upande wa pili, wakakipitisha uani mpaka jikoni. Mimi nilikuwa nimekitengea nafasi katikati, panapoonekana vizuri na wageni. Mzee akatikisa kichwa. Mpishi mwenyewe, alipokuja kukiazimisha akiwa mzee sana, ndiye aliyemwonyesha. Akakisogeza hadi pembeni mwa jiko la kuni, akakigeuza kidogo ili mtu akikaa aone mlango wa ua na njia inayoelekea barabarani, akarudi nyuma, akakitazama, akakirudisha nusu ya hatua. Nikatoa futi yangu nikapima: sentimita 64 kutoka ukutani, sentimita 110 kutoka kizingiti. Nikayaandika yote mawili kwenye kadi ya kiti, na jina lake kando.